Kinga ya Mwili Inapoligeukia Ini: Mwongozo kwa Wana Afrika Mashariki Walio Ughaibuni

Kiswahili kina jina moja, homa ya ini, kwa magonjwa kadhaa yasiyo na undugu. Ukimpigia shangazi yako simu Tanga ukamwambia hospitali ya Birmingham imekukuta na homa ya ini, atawaza kirusi cha homa ya ini aina ya B, na jioni hiyo nyumba nzima itaanza kuulizana nani akapimwe. Ugonjwa tunaouzungumzia hapa hauambukizi kwa kikombe, kwa kitanda wala kwa njia nyingine yoyote. Ni kinga ya mwili yenyewe inayoligeukia ini na kuzishambulia seli zake. Kwenye karatasi za hospitali utaukuta kwa herufi AIH, kifupi cha autoimmune hepatitis. Huwapata watu wa umri wowote, na takriban watatu kati ya kila wagonjwa wanne ni wanawake.

Lugha huleta tatizo jingine ukiwa mbele ya daktari. Ukisema "nimepata manjano", mkalimani asiyezoea mambo ya tiba anaweza kutafsiri homa ya manjano, ule ugonjwa wa mbu. Sema wazi: weupe wa macho yangu umegeuka njano. Hospitali za umma za Uingereza, na hospitali za Marekani zinazopokea fedha za serikali kuu, zinatakiwa kukupatia mkalimani bila malipo. Mwombe mapema, siku ile ile unapopanga miadi. Usimtumie mtoto wako, maana kuna maswali ya pombe na ya unyumba ambayo si ya kumpitishia mtoto.

Dalili

Mwanzoni dalili ni za kawaida mno: uchovu usioondoka hata baada ya kulala, viungo kuuma, mwili kuwasha, chakula kutopendeza, hedhi kukatika. Wengine hawahisi chochote, hugundulika tu damu inapopimwa kwa sababu nyingine. Kwenye ngozi nyeusi umanjano hauonekani mapema. Simama dirishani mchana, vuta kope ya chini utazame weupe wa jicho, kisha inua ulimi utazame chini yake. Mkojo ukiwa kama chai ya rangi ilhali unakunywa maji ya kutosha, au choo kikipauka, usiache wiki ipite bila kupimwa damu. Kuchanganyikiwa, kusinziasinzia mchana au kutapika damu ni dharura: nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kinachowaponza wengi ni kwamba ugonjwa huu hupanda na kushuka wenyewe. Mtu anakunywa mitishamba wiki tatu, macho yanarudi kuwa meupe, anaamini amepona, kumbe ndani ini linaendelea kupata makovu. Karibu theluthi moja ya wagonjwa hugunduliwa tayari wana sirosisi, yaani ini limekakamaa kwa makovu.

Jinsi ugonjwa unavyothibitishwa

Hakuna kipimo kimoja kinachotoa jibu. Daktari hukusanya ushahidi huku akiyaondoa magonjwa mengine moja moja. Mfumo wa alama unaotumika sana, uliotolewa mwaka 2008, hutazama mambo manne: kingamwili zinazolenga mwili wenyewe (ANA, SMA, LKM na SLA), kiwango cha IgG (jumla ya kingamwili za aina moja kwenye damu), sura ya ini chini ya hadubini, na kutokuwepo kwa homa ya ini ya virusi. Alama 6 maana yake ni kwamba huenda ndiyo, na 7 au zaidi ndiyo yenyewe. Pembeni yake utaona ALT na AST, vimeng'enya vinavyovuja seli za ini zikiumia. ALT ya kawaida ni chini ya takriban 40. Kwenye AIH inaweza kuwa mia kadhaa, au ikapita 1,000.

Kipimo kinachoogopwa ni biopsi, na ndicho chenye uzito kuliko vyote. Unalala chali, mkono wa kulia juu ya kichwa. Daktari anatafuta nafasi kati ya mbavu za kulia kwa ultrasaundi, anachoma sindano ya ganzi, anakuambia uzuie pumzi sekunde chache, kisha sindano ya pili inaingia na kutoka na kipande cha ini chembamba kama uzi, urefu wa sentimita mbili hivi. Baada ya hapo unalazwa saa kadhaa ukipimwa presha, na bega la kulia linaweza kuuma kidogo. Kutokwa damu nyingi hutokea kwa watu chini ya mmoja kati ya 100. Kama unatumia aspirini au dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda, sema siku kadhaa kabla. Damu isipoganda vizuri, sindano hupitishwa kwenye mshipa wa shingo badala ya ubavuni.

Mashine ya kupima ukakamavu wa ini bila sindano ni nzuri, lakini si mwanzoni: ini lililovimba husomeka gumu kuliko lilivyo. Majibu yake yanaaminika zaidi baada ya miezi kama sita ya dawa.

Yale ambayo daktari wa huko huenda asiyaulize

Hapa ndipo mtu wa kwetu anapopaswa kusema bila kungoja kuulizwa, kwa sababu daktari aliyesomea Oslo au Toronto hakukulia Kisumu.

Kwanza, kirusi cha B. Ni kingi nyumbani na wengi hukipata utotoni bila kujua. Hakikisha umepimwa HBsAg na anti-HBc, vipimo vya damu vya kirusi hicho, vyote viwili, kabla ya dawa za kushusha kinga, kwa kuwa kirusi kilicholala huamka kinga ikishushwa. Kikionekana, kuna dawa za kukizuia, kama tenofoviri. HIV nayo ipimwe.

Pili, minyoo ya strongiloidi. Huingia kwa kukanyaga udongo pekupeku na huweza kuishi mwilini miongo mingi, hata kama uliondoka kijijini mwaka 1995. Ukipewa steroidi, dawa ya kwanza ya AIH, kwa wingi, huzaana na kusambaa mapafuni na kwenye damu, na huua. Kipimo ni cha damu, tiba ni ivermektini. Sema hivi: "Nimekulia nchi ya joto, naomba nipimwe strongiloidi kabla ya steroidi." Kifua kikuu kilicholala kipimwe pia, na kwa damu, kwa kuwa chanjo ya BCG tuliyochanjwa begani inaweza kupotosha kipimo cha ngozi. Kama uliogelea Ziwa Victoria, taja kichocho: nacho huacha makovu kwenye ini na kuvimbisha wengu.

Tatu, miraa. Madaktari wa London wameandika kuhusu watafunaji ambao vipimo na biopsi zao vilifanana na AIH. Uingereza iliipiga marufuku Juni 2014, ndiyo maana wengi huificha. Daktari hakushtaki, anachotaka ni kujua kama ini litatulia ukiacha. Vidonge vya manjano, kile kiungo cha chakula, navyo vimeumiza maini ya watu kwa namna hii hii. Manjano ya kwenye pilau haina neno. Tatizo ni vile vidonge vyenye dondoo nzito iliyochanganywa na pilipili manga. Kila chupa ya mitishamba, chai ya kupunguza unene au unga uliotumiwa kutoka nyumbani, ipige picha uende nayo.

Nne, namba zako za kawaida. Waafrika wengi wana IgG iliyo juu kidogo ya kikomo cha maabara za Ulaya hata wakiwa wazima, kwa hiyo IgG peke yake isikupe ugonjwa. Kinyume chake, chembe nyeupe aina ya neutrofili kwa wengi wetu ziko chini kwa asili ya kurithi, bila madhara. Maabara ikiandika kikomo cha chini 2.0 na wewe siku zote uko 1.4, mtu asiyejua anaweza kukusimamishia azathioprini, dawa ya pili ya AIH, akidhani imekuharibia damu. Hakikisha damu inapimwa kabla ya kidonge cha kwanza, na namba hiyo uiweke kwenye simu yako.

Miezi ya kwanza ya dawa

Dawa ya kwanza ni steroidi. Ulaya huandika prednisolone, Marekani prednisone, na kwa miligramu ni sawa. Dozi ya kuanzia mara nyingi ni nusu miligramu kwa kila kilo ya uzito, ingawa ugonjwa mkali huweza kudai zaidi. Mtu wa kilo 60 humeza miligramu 30, yaani vidonge sita vya miligramu 5, vyote asubuhi baada ya kula. Ukivimeza jioni hutalala. Baada ya wiki mbili hivi huongezwa azathioprini, mara nyingi miligramu 50 kwa kuanzia. Hazitolewi pamoja tangu siku ya kwanza kwa sababu azathioprini yenyewe inaweza kuliudhi ini, na daktari anataka kuona kwanza kama steroidi imeleta matokeo. Kabla yake upimwe TPMT, kimeng'enya cha kuivunjavunja. Watu wachache hawana kabisa, na kwao dozi ya kawaida ni sumu ya uboho. Kama unatumia alopurinoli ya jongo, sema mapema: zikikutana hivi hivi, chembe za damu huporomoka.

ALT inatakiwa ianze kushuka ndani ya wiki mbili. Isiposhuka hata nusu baada ya wiki nne, daktari atauliza kama unameza dawa, kisha atautazama upya ugonjwa wenyewe. Lengo ni ALT, AST na IgG kurudi kawaida ndani ya miezi sita. Damu hupimwa kila wiki mwanzoni, kisha nafasi huongezwa. Homa au vidonda vya koo ukiwa kwenye azathioprini ni sababu ya kupimwa damu siku hiyo. Maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni yanaweza kuwa ni kongosho lililovimba.

Steroidi huongeza njaa, huvimbisha uso, hupandisha sukari na presha na hula mifupa, kwa hiyo uliza kuhusu kalsiamu na vitamini D. Hayo yanachosha, na wengi huamua kuziacha wenyewe uso ukianza kujaa. Usithubutu. Baada ya wiki chache mwili huwa umesahau kutengeneza steroidi yake, na ukikatisha ghafla presha inaweza kuanguka, ugonjwa nao ukarudi. Hushushwa kwa hatua, pengine miligramu 5 kila wiki moja au mbili mpaka 10, kisha polepole zaidi. Tiba nzima huchukua miaka isiyopungua miwili, na wengi huendelea nayo.

Ramadhani ikikukuta kwenye dozi kubwa, dini imempa mgonjwa ruhusa. Baadaye, ukiwa kwenye dozi ndogo na daktari akikubali, vidonge humezwa wakati wa daku. Unayetaka kupata mtoto, zungumza mapema: azathioprini kwa kawaida huendelea wakati wa ujauzito, lakini mikofenoleti, dawa mbadala, humdhuru mtoto tumboni.

Ukienda nyumbani

Beba dawa za siku zote za safari na wiki mbili za ziada, kwenye mkoba wa mkononi, zikiwa ndani ya boksi zake, pamoja na barua ya daktari. Prednisoloni utaipata kirahisi, lakini usiitegemee azathioprini nje ya miji mikubwa. Homa yoyote ipimwe malaria siku hiyo hiyo.

Chanjo ya homa ya manjano ina kirusi hai, haifai ukiwa kwenye dawa hizi. Kama ulichanjwa zamani, tafuta kile kitabu cha njano: tangu Julai 2016 cheti kinahesabiwa halali maisha yote, hata kama kimeandikwa miaka 10. Kama hukuwahi kuchanjwa na unapitia nchi inayodai cheti, kama Uganda, omba kliniki ya wasafiri ikujazie ukurasa wa msamaha wa kitabibu kabla hujakata tiketi, na uulize ubalozi kama utakubaliwa mpakani.