Makufuli mawili, geti moja: namna ya kwenda barazani kuhusu kiwanja cha timu yenu

Nauza vifaa vya ujenzi hapa Pemba, na kwa miaka kumi na moja sasa ni mweka hazina wa timu yetu ya mpira. Mji siutaji wala baraza la mji silitaji, maana watu wenyewe naswali nao msikiti mmoja, na wengine wana madeni yangu ya saruji. Nataka tu kumwonyesha mwenzangu, katibu au mweka hazina kama mimi, namna ya kuzungumza na baraza lake juu ya kiwanja kabla hajafika tulikofika sisi.

Sisi tulifika hapa: geti moja la bati, makufuli mawili. Dogo la shaba letu, kubwa la chuma la baraza. Ukuta tuliujenga kwa michango. Baraza lilileta kifusi na greda kwa siku mbili. Nani mwenye geti, hakuna aliyeandika. Siku ya nusu fainali, mwenye ufunguo wa kufuli kubwa alikuwa keshapanda boti kwenda harusini Unguja, na simu haipatikani. Vijana wakatoa matofali upande wa skuli, watu wakaingia wameinama, mgeni rasmi na kanzu yake naye kainama. Kiingilio cha siku ile hakikutosha hata kuwalipa waamuzi. Nani atakukatia tiketi tunduni?

Baraza likasema tumeharibu mali ya umma. Sisi tukasema ukuta ni wetu. Ugomvi ukaenda miezi saba.

Katikati ya ugomvi huo ndipo nilipoanza kufuatilia mambo ya besiboli, mchezo ambao hadi leo sijui mtu anashindaje. Mtoto wa kaka yangu anaendesha lori Kansas City, Marekani. Ilikuwa Ramadhani, tarehe 2 Aprili 2024, natoka tarawehe, nikakuta sauti yake kwenye simu: "Ami, shikamoo. Leo huku watu wanapiga kura ya kiwanja."

Nikadhani kanikejeli. Kumbe kweli. Timu ya besiboli ya Royals ilitaka kiwanja kipya katikati ya mji, na timu nyingine ya pale, Chiefs, ya mpira wa Kimarekani, ilitaka chake kikarabatiwe. Wakaazi wa Jackson County, kaunti ya pale, wakaulizwa kama wakubali kodi ya mauzo ya 3/8 ya senti katika kila dola, kwa miaka 40. Nikachukua kalkuleta ya dukani. Mfuko wa saruji tuseme ni shilingi 20,000: kodi hiyo ni shilingi 75. Mteja wangu mgumu kuliko wote hatogombania shilingi 75. Na bado kiasi cha asilimia 58 walikataa.

Kwa nini? Royals walitangaza mahala pa kiwanja mwezi wa Februari, kura ni Aprili mwanzo. Wenye maduka na mikahawa ya mtaa ule wakajikuta wamo ndani ya ramani ya mtu. Mimi nasema hawakukataa shilingi 75, walikataa kuitwa kwenye karamu chakula kikiwa kimeshapakuliwa. Nikayatazama makufuli yetu nikaona ni yale yale.

Lakini kabla hujaiga chochote cha Marekani, lijue hili. Timu ya kule ina mguu nje. Isiporidhika, inahama. Oakland, California, walikuwa na timu yao ya besiboli ya Athletics tangu 1968. Wakavutana na mji kuhusu kiwanja kipya miaka na miaka, hadi jimbo la Nevada mwaka 2023 likakubali kutoa mpaka dola milioni 380 za kujenga kiwanja Las Vegas. Mwezi wa Septemba 2024 wakacheza mechi ya mwisho Oakland wakaondoka. Sisi tutahamia wapi? Timu ya mtaa ikihama mtaa haiko tena. Kwa hiyo yule kijana wenu atakayesimama kikaoni kusema "basi tutaihamisha timu", mkalishe chini. Baraza linajua hamna pa kwenda. Mlichonacho nyinyi ni hesabu na karatasi, na ndivyo nitakavyovieleza.

Anza na daftari, si barua

Kila timu inayokwenda barazani hupeleka barua ya kuomba "msaada". Barua hiyo huwekwa juu ya nyenzake. Nyinyi kaeni kwanza msimu mmoja mzima mkiandika. Andika kila mechi: wameingia watu wangapi, kiingilio kimepatikana kiasi gani, waamuzi wamechukua nini, maji, chokaa ya mistari, kijana wa kukata majani. Andika na wasiokuwa wenu: wauza urojo wangapi walikuwa nje ya geti, mishikaki, pweza, bodaboda. Baraza hukusanya ushuru kwa wale, kwa hiyo hesabu hiyo ni yao, ila hawajawahi kuiona imekaa pamoja.

Mimi daftari lilinifunza nisilolijua. Mwezi wa karafuu kiingilio chetu kinazidi mara mbili na zaidi, kwa sababu kila kijana aliyepanda mkarafuu ana fedha mfukoni. Ramadhani ni sifuri. Mvua za masika karibu na sifuri. Baraza walikuwa wakitaka tulipe kila mwezi kiasi kile kile. Nilipowafungulia kurasa, mhasibu wao, mtu mgumu lakini mkweli, alicheka akasema, "Mzee, hii ndiyo lugha ninayoisikia."

Ujue ardhi ni ya nani

Ardhi ya Zanzibar ni ya umma, na sheria ya 1992 ya umiliki wa ardhi inampa mtu haki ya kuitumia tu. Kwa hiyo kiwanja mlichochezea babu na mjukuu si lazima kiwe cha baraza. Huenda ni cha skuli. Huenda ni kipande cha eka tatu za mtu na warithi wako Dar es Salaam. Nenda kwa sheha kwanza, kwa heshima, akueleze anachokijua na nani wa kuulizwa. Kisha nenda ofisi ya ardhi na barua ya sheha mkononi. Siku mbili tatu za kuzunguka, lakini zitakuepusha kugombana miezi saba na asiye mwenye mali. Kwetu sisi nusu ya kiwanja ni ya skuli. Mwalimu mkuu alikuwa akitusikia tunavyogombana, wala hakuna aliyemuuliza.

Jua mfuko, jua mwezi

Watu watakwambia, "Serikali imetengeneza kiwanja cha Amaan kule Unguja, itashindwaje na hiki?" Amaan ni mfuko mwingine kabisa, ule ni wa Serikali kuu. Baraza la mji lina ushuru wake, ada zake na mafungu yake madogo. Usiliombe jukwaa la watu elfu kumi. Liombe wanachoweza kukipitisha: greda siku tatu, bomba moja la maji, mtu wa usafi baada ya mechi.

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Mkenda mwezi wa Juni mmechelewa, fedha zimeshapangwa. Sisi tunakwenda kwa diwani mwezi wa Novemba, tunamwachia nakala ya daftari, Januari tunamkumbusha. Diwani mpe hoja ya kuzungumza, usimpe lawama. Yeye ndiye atakayesimama kikaoni, nyinyi mtakuwa mnasubiri nje kwa kiti cha plastiki.

Na ahadi ya jukwaani isiingie kwenye hesabu. Siku ya kufungua kombe letu la mbuzi, ofisa mmoja alisimama akaahidi nguzo mbili za taa. Tukapiga makofi. Baada ya miezi minne kahamishwa. Mbuzi aliliwa, nguzo hadi leo hatujaziona.

Makubaliano: hapa ndipo pa kukaa usiku kucha

Karatasi mbili tatu zinatosha, lakini zisiwe za maneno ya "kushirikiana kwa pamoja". Yako mambo manne sikubali yaachwe.

La kwanza ni bati. Nasema kama muuza bati. St. Petersburg, kule Florida, timu ya besiboli ya Rays ilikuwa ikicheza ndani ya kiwanja cha mji chenye paa la kitambaa. Kimbunga Milton cha Oktoba 2024 kikalichana lile paa. Mkataba ulisema matengenezo ni juu ya mji, na makisio yakawa kama dola milioni 55. Miezi michache tu nyuma walikuwa wamekubaliana kujenga kiwanja kipya cha dola bilioni 1.3. Baada ya kimbunga, wakubwa wa pale wakaahirisha kura za fedha, timu ikasema gharama zimepanda, na Machi 2025 Rays wakajitoa. Upepo mmoja! Kwetu kusi likivuma vizuri linachukua bati za kibanda cha wachezaji wa akiba, na kila mwaka tunaulizana nani anunue. Sasa karatasi yetu inasema: bati na mbao ni timu, nguzo na ukuta ni baraza, na uharibifu unakaguliwa pamoja ndani ya siku saba.

La pili, gharama zikizidi. Makisio ya ujenzi huzidi, nimeshauza vifaa vya kutosha kulijua hilo. Hartford, Connecticut, walipanga kiwanja cha besiboli cha dola milioni 56, kikapita milioni 70. Mji na mjenzi wakagombana, mjenzi akafukuzwa, na timu ikacheza msimu wote wa 2016 ugenini. Msimu mzima hawana kwao! Andikeni hivi hivi, kwa maneno mepesi: "Gharama zikizidi makisio, kazi inasimama mpaka pande mbili zikae na kukubaliana kwa maandishi nani anaongeza." Kusimama kunauma, lakini kunauma kidogo kuliko deni lisilo na mwenyewe.

La tatu, neno "faida". Lifuteni. Miami walilipia sehemu kubwa ya kiwanja cha timu yao ya besiboli, Marlins, kilichofunguliwa 2012, na meya wa kaunti aliyekipigania aliondolewa kwa kura mwaka 2011, kikiwa ni moja ya lawama zake. Serikali za pale zilijiwekea sehemu ya faida iwapo timu itauzwa. Mwenye timu aliyeinunua kwa dola milioni 158 akaiuza 2017 kwa dola bilioni 1.2. Akapiga hesabu, akatoa madeni, akatoa kodi, akatoa hiki na kile, akasema faida hakuna. Wakapelekana mahakamani, mwisho 2021 wakaridhiana kwa dola milioni 4.2. Faida huwa vile anavyotaka aliyeshika kalamu. Kwa hiyo kwetu baraza linachukua asilimia ya kiingilio kama kilivyohesabiwa getini, kabla sijatoa hata fedha ya waamuzi. Wenzangu walinilaumu, wakasema nimelipa baraza mno. Mimi naona afadhali kumpa mtu kidogo anachokiona kuliko kumwahidi kikubwa kisha kila mwezi akushuku mwizi.

La nne ni ufunguo. Nani anao, na asipokuwepo nani anafungua.

Mkikwama

Msiende redioni siku ya kwanza. Mkishatoka redioni na mtu mmemtaja, hatoweza kurudi nyuma hata akitaka, ana watoto wanaosikiliza. Ombeni kikao kwa barua, muhtasari uandikwe, kila upande usaini, nakala moja ibaki kwa sheha. Kikao chetu cha kusuluhisha kilifanyika skuli, kwenye madawati ya watoto. Ofisa wa baraza mwenye mwili wake kakwama magoti, akaomba twende haraka. Tulimaliza kwa saa moja na nusu jambo la miezi saba.

Kama kikao nacho kimeshindikana, pandeni kwa mkuu wa wilaya na muhtasari mkononi. Bila muhtasari mtaambiwa rudini mkazungumze.

Tundu tuliliziba kwa matofali mapya, rangi yake haijafanana na ukuta, na watoto wa skuli wanapaita Geti la Mgeni Rasmi. Geti lenyewe sasa lina kufuli moja na funguo tatu. Mmoja uko barazani, mmoja ninao mimi dukani, kwenye msumari juu ya mizani. Wa tatu tulibishana sana tumpe nani. Tumempa bibi anayeuza urojo pale mbele, maana tangu tumjue hajawahi kupanda boti.