Kabla hujaita Fuso: mambo ya kufikiria kabla ya kuhamisha familia nzima

Nimehama mara sita tangu niolewe na kila mara naapa kwamba hii ndio ya mwisho, wataniondoa hapa na jeneza. Ya juzi ilikuwa kutoka Lukuli upande wa Makindye, hapa Kampala, mpaka Kyaliwajjala nje kidogo ya mji, na sisi sio wachache: mimi, baba watoto, watoto wanne, mama mkwe, shemeji ambaye alikuja kwa wiki mbili mwaka 2022 na bado yupo, kuku watatu na paka mmoja asiyependa mtu. Sasa ndugu yangu anataka kuhama mwezi ujao akaniuliza niandae nini, nikaanza kumjibu kwa simu, salio likaisha, acha tu niandike.

Kitu cha kwanza ni tarehe. Usichague tarehe kwa kuangalia tu siku gani watu hawaendi kazini, maana ndio sisi tulivyofanya. Idi ya kuchinja 2025 iliangukia Ijumaa tarehe 6 Juni, na mama mkwe akasema yeye Idi hataswalia Lukuli tena, mwenye nyumba mpya keshalipwa kwa nini tukae. Baba watoto akaangalia kalenda akaona Jumanne tarehe 3 ni sikukuu, watoto hawaendi shule, yeye haendi kazini, akafurahi mnoo akamlipa mwenye Fuso advansi. Hakuna hata mtu mmoja kwenye nyumba ya watu wanane aliyejiuliza hiyo sikukuu ni ya nini! Banange. Ni Siku ya Mashahidi wa Uganda, wale Wakristo waliouawa kwa imani yao. Na Mashahidi wanaadhimishwa wapi? Namugongo, palepale walipochomwa moto wengi wao tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, na Kyaliwajjala ndio mlango wa kuingilia Namugongo. Yaani mahujaji wa nchi nzima, na wa Kenya na Tanzania, wengine wametembea kwa miguu wiki nzima, wanapita mbele ya geti letu jipya, na sisi ndio siku tumechagua kuleta kabati.

Tulifika Kireka, pale unapokata kupanda Kyaliwajjala, askari wa trafiki akaangalia Fuso, akaangalia godoro juu, akaangalia mama mkwe amekaa mbele na kuku mapajani, akauliza nyinyi mnaenda kuhiji na sofa? Barabara imefungwa, magari hayapandi. Dereva akasema yeye ana kazi nyingine saa nane, kwa hiyo hatukai hapa kusubiri jioni, akapaki pembeni na wapagazi wakaanza kushusha. Sofa ikawekwa kando ya barabara. Dakika kumi hazijapita mzee mmoja hujaji kutoka Masaka, miguu imevimba, akaomba akae kidogo. Akakaa. Wenzake wakaja wakakaa. Mama mkwe, ambaye nyumbani mgeni wa kukaa bila kupewa kitu hamjui, akafungua jerikeni la maji ya kunywa akaanza kuwagawia kwa vikombe vyangu vya harusi ambavyo nilivifunga kwa magazeti usiku kucha, na mpaka saa kumi na moja tulikuwa tumeshakaribisha watu zaidi ya hamsini, Wakatoliki na Waprotestanti, kwenye sebule ya Waislamu isiyo na ukuta. Vikombe vilirudi vyote, hilo niseme. Pikapu ilitupeleka kwa safari tatu usiku na ilitugharimu zaidi ya Fuso.

Kwa hiyo kabla hujapanga tarehe uliza kule unakoenda kuna nini siku hiyo: soko, harusi, mbio za barabarani, chochote. Na kama una watoto wa shule hamia likizo, usifanye kama sisi muhula wa pili ndio umeanza na yunifomu ziko chini ya gunia la makaa.

Nyumba yenyewe nenda ukaione mvua ikinyesha au kesho yake. Machi mpaka Mei ndio wakati mzuri wa kukagua, mvua ya Kampala haifichi kitu, itakuonyesha dari linalovuja na barabara inayogeuka mto. Nyumba za bondeni mwezi wa Januari zote zinapendeza hata za Bwaise kunakofurika. Nenda na usiku pia, sikiliza, maana broka hatakuambia kwamba jirani ana baa. Broka kazi yake ni kukuonyesha nyumba tatu mbaya kwanza ili ya nne uione kama ikulu, na kila ukienda kuona anataka ya mafuta, na mkikubaliana anataka kodi ya mwezi mmoja. Mimi sina ubaya nao, ila pesa ya kodi mpe mwenye nyumba mwenyewe mkononi au kwenye akaunti, na upewe risiti. Kuna sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022, inasema makubaliano yakifika laki tano lazima yawe ya maandishi, na kodi isipandishwe zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Wenye nyumba wengi wakisikia umetaja sheria wanakuangalia kama umewatukana lakini we taja tu, kwa heshima, "Hajji naomba tuandikiane." Baba watoto aliona aibu kuomba. Mama mkwe akaomba yeye, akapewa siku hiyohiyo.

Barua ya LC1, yaani serikali ya mtaa, usiisahau, unapotoka unamuaga chairman anakuandikia, unapofika unajitambulisha kwa chairman mpya. Watu wanadharau hii mpaka siku wanataka kitambulisho au wamepata msiba. Na hapohapo unapoaga lipa deni la dukani. Mimi nilidhani nadaiwa mkate na sukari, nikakuta shemeji ana ukurasa wake mzima kwenye daftari, wenye jina langu juu, kikomando peke yake, chapati na maharage, sijui kala mara ngapi.

Umeme sasa. Kampuni ilibadilika Aprili 2025, ile iliyoitwa Umeme iliondoka serikali ikachukua kupitia kampuni yake ya UEDCL, lakini Yaka, umeme wa kulipia kabla kwa tokeni, ni Yaka, watu hawajabadilisha jina. Kabla hujalipa kodi mwambie mwenye nyumba akupe namba ya mita, na uhakikishe kama mpangaji aliyetangulia kaacha deni, maana deni linakaa kwenye mita haliendi na mtu, ukinunua tokeni sehemu ya pesa yako inaenda kumlipia mtu humjui hata sura. Nyumba ikikaa tupu miezi kadhaa ile ada ya kila mwezi nayo inajikusanya. Alafu ile kibodi ya kuingizia tokeni hakikisha ipo na inafanya kazi. Na namba ya mita ya zamani ifute kwenye simu! Baba watoto usiku wa pili giza limetanda akanunua umeme wa elfu hamsini, tarakimu ishirini zikaja, akaingiza, ikakataa, akaingiza tena taratibu huku binti anamsomea na mimi nashika tochi, ikakataa, akaanza kulaumu kibodi, akalaumu serikali, kumbe amenunulia mita ya Lukuli. Akampigia mpangaji mpya wa kule kumsomea zile namba akaziingize yeye, angalau zisipotee, na yule bwana akasema asante sana mzee Mungu akuzidishie. Kila mwezi anatutumia salamu.

Maji ni mepesi zaidi: lipa bili ya kule, piga picha mita ya huku siku unayoingia, basi. Ila uliza kama mita ni yako peke yako au mnachangia ploti nzima, na jaza majerikeni mawili matatu kabla, usiamini bomba siku ya kwanza.

Sasa kufungasha, hapa ndio ndoa zinapimwa. Ushauri wangu ni uanze na kutupa, wiki mbili kabla, na utupe mama mkwe akiwa hayupo. Mimi nilitoa redio mbovu nje, jioni ikarudi. Nikatoa kinu kilichopasuka, kikarudi na maelezo kwamba kilitoka Bombo na mama yake. Nikaacha. Lakini nilivyoona sufuria tatu zisizo na matako zinarudi nikaelewa kwamba hapa kuna vita na mimi sio nitakayeshinda. Usipoteze nguvu huko. Kila mtu mpe gunia moja la vitu vyake visivyojadiliwa, likijaa limejaa. Na sisi tulikuja kulipata hilo wazo siku ya mwisho wakati Fuso iko nje inapiga honi.

Maboksi uyaandike, na uangalie nani unampa kalamu. Nilimpa binti yangu wa S.2, yaani sekondari mwaka wa pili, ana mwandiko mzuri, akaandika yote kumi na manne kwa herufi kubwa safi kabisa: VITU. Nikamuuliza, we mama, vitu gani? Akasema si kuna vitu ndani. Siku ya Idi wageni wanakuja, nyama ipo, kisu hakipo, tumezungukwa na VITU. Andika chumba na andika vitu vitatu vya muhimu vilivyomo, "JIKONI, visu, mwiko, kiberiti". Sahani pakia zikiwa zimesimama wima sio kulala, zinavumilia mashimo vizuri zaidi, katikati weka nguo, na magazeti kwa vile vya kioo.

Skrubu za kitanda ndio zitakuliza. Ukifungua kitanda, skrubu ziweke kwenye soksi na soksi uifunge kwenye ubao wa kitanda hichohicho. Sisi tuliziweka zote, vitanda vinne, kwenye kopo moja la maziwa, likakaa vizuri tu mpaka kitinda mimba alipoliona lina sauti nzuri, akalipiga kama ngoma njia nzima kutoka Kireka na mfuniko ukafunguka. Tulilala chini siku nne. Baba watoto alisema ni kama kambini Naguru alikokulia, anapenda, siku ya tatu mgongo ukakataa akanyamaza.

Friji isafiri imesimama. Ikibidi ilazwe basi ukifika isimamishe na uiache masaa kadhaa kabla ya kuchomeka ili mafuta ya kompresa yarudi chini. Mtungi wa gesi funga, toa regulata, usimamishe, na usipakie pamoja na sigiri, jiko la makaa, ambayo mtu ana uhakika imezima, sababu huo uhakika nimeuona, ulitoboa zulia letu. Makaa yakae chini kabisa ya lori na mbali na magodoro, hata kama mpagazi anakuambia madam usijali.

Na huyo mpagazi mkubaliane mapema, bei ya kupakia na bei ya kushusha ni moja au mbili, na ngazi zinahesabika? Pima mlango wa nyumba mpya na upime kabati. Usikadirie kwa mikono. Shemeji alikadiria kwa mikono, kabati liko varanda mpaka leo, tunaweka viatu.

Watoto wadogo na wazee ni bora watangulie asubuhi na mapema kwa special hire, teksi ya kukodi, kabla ya jam, wakiwa na chakula chao. Mama mkwe atakataa, atasema lazima asindikize vitu. Kuku nao walikuwa kwenye mazungumzo hayo. Paka mwingize kwenye boksi lenye matundu mwisho kabisa, na akifika afungiwe chumba kimoja siku kadhaa, akitoka mapema anaanza safari ya kurudi nyumba ya zamani. Wetu tulimsahau tukamrudia kesho yake, akiwa amekaa mlangoni na yule mpangaji mwenye umeme wetu, ananenepa.

Cha mwisho, na hiki usikiache hata ukisahau vyote, ni begi la usiku wa kwanza, na lisipande lori, libebwe na mtu mmoja asiyeaminika kwa kupika wala kubeba ila anaaminika kwa kukaa na begi. Ndani weka vitambulisho na karatasi za nyumba, dawa za wazee, chaja, tochi, kiberiti, kufuli jipya na kitasa kipya kama unaweza maana hujui funguo za zamani ziko na nani, shuka mbili, karatasi ya chooni, sabuni, chandarua cha mtoto, pesa taslimu za rolex, chapati ya mayai, kwa watu wote sababu hakuna atakayepika, majani ya chai, sukari, na birika. Sisi tulikuwa na vyote isipokuwa birika. Kila mtu alikuwa na uhakika mwenzake kalichukua. Tulichemshia chai kwenye sufuria isiyo na tako, ile ya mama mkwe, ameiziba na unga wa ngano kwa nje, na alituangalia tunakunywa bila kusema neno. Birika tulilipata Agosti, kwenye boksi la VITU, na ndani yake kulikuwa na zile skrubu zilizobaki.