Rupia ya India na riali ya Oman: kutafuta thamani ya fedha ya zamani, hatua kwa hatua

Familia nyingi zenye jamaa Maskati, Bombay au Unguja zina karatasi za zamani kabatini: hati ya deni, risiti ya duka, barua inayotaja rupia mia nne zilizotumwa nyumbani. Kila mtu hutaka kujua zilikuwa na thamani gani. Kazi yangu ni kupitia nyaraka za aina hii, na jambo la kwanza ninalomwambia kila anayeniletea ni kwamba asishike kikokotoo kabla hajajua rupia ile ilitolewa na nani na ilitumika tarehe gani. Bila mambo hayo mawili, jibu lolote utakalopata ni la kubahatisha.

Hatua ya 1: Tambua ni rupia ipi

Mpaka 1959 nchi za Ghuba zilitumia rupia ileile ya India. Wafanyabiashara wakanunua dhahabu huko kwa rupia na kuiingiza India kwa magendo, kisha noti zile zikarudi Benki Kuu ya India kudai pauni za Uingereza. Akiba ya fedha za kigeni ikawa inavuja. Mei 1959 benki hiyo ikatoa noti maalumu za Ghuba, za rangi tofauti na zile za India, na namba zake zikitanguliwa na herufi Z. Ukiwa na noti yenyewe mkononi, tazama hiyo Z kabla ya kitu kingine chochote.

Thamani ya rupia hizo mbili ilikuwa moja. Ila Kuwait ilijitoa 1961 kwa dinari yake, Bahrain ikafuata 1965, na India iliposhusha thamani ya rupia mwaka 1966, Qatar na Dubai nazo zikaiacha. Oman iliendelea nayo hadi 1970.

Karatasi ikiwa ya Afrika Mashariki, usitumie hesabu za Maskati. Mwaka 1920 Kenya rupia iliwekwa kwa shilingi 2 za Kiingereza (pauni ilikuwa na shilingi 20, na shilingi peni 12), lakini Zanzibar ilipoacha rupia mwaka 1936, kila moja ilibadilishwa kwa shilingi 1 na senti 50. Kwa hiyo rupia 400 zilikuwa pauni 40 Mombasa, na pauni 30 Unguja miaka 16 baadaye.

Hatua ya 2: Geuza anna kuwa desimali

India iliingia mfumo wa desimali tarehe 1 Aprili 1957. Kabla ya hapo rupia ilikuwa na anna 16, na anna ilikuwa na pai 12. Ukikuta 37-6-4 katika daftari, ni rupia 37, anna 6, pai 4. Gawa pai 4 kwa 12, upate 0.333, jumlisha na anna 6, kisha gawa kwa 16. Jibu ni 0.396, yaani rupia 37.396. Wanaosoma 37-6-4 kama 37.64 hukosea tangu mwanzo, na kosa hilo halionekani tena mbele ya hesabu.

Hatua ya 3: Pitia pauni kwanza, dola baadaye

Kuanzia 1927 hadi Juni 1966 rupia ilishikiliwa kwa shilingi 1 na peni 6, maana yake rupia 13.33 kwa pauni. Karibu miaka 40 ya kiwango kimoja! Kwa kipindi hicho tumia pauni: rupia 400 za 1955 ni pauni 30. Ukitaka dola, zidisha kwa 2.80, bei ya pauni baada ya Septemba 1949, upate dola 84. Kuanzia 1940 hadi Septemba 1949 pauni ilikuwa dola 4.03, basi usichanganye.

Hatua ya 4: Usiamini wastani wa mwaka

Hapa ndipo majedwali yanapowapoteza watu wengi. Tarehe 6 Juni 1966 dola ilipanda kutoka rupia 4.76 hadi 7.50 kwa mkupuo. Ukifungua jedwali la miaka utakuta 1966 imeandikwa 6.36 hivi. Ni hesabu sahihi ya miezi mitano ya 4.76 na saba ya 7.50, lakini hakuna siku hata moja mtu alibadilisha fedha kwa 6.36. Rupia 1,000 za Mei zilikuwa dola 210. Za Julai zilikuwa dola 133. Mwaka 1991 nao utazame hivyohivyo, kwa kuwa mwanzoni mwa Julai rupia ilishushwa mara mbili ndani ya siku chache. Kwa miaka hiyo miwili, tafuta kiwango cha mwezi au cha siku.

Hatua ya 5: Vuka hadi riali

Mei 1970 Oman ilianzisha riali Saidi, sawa na pauni moja, na rupia 21 za Ghuba zikabadilishwa kwa riali 1. Deni la rupia 420 la Maskati likawa riali 20. Jina la riali ya Oman lilikuja baadaye, riali moja Saidi kwa riali moja ya Oman. Tangu 1973 riali imefungwa na dola: kwanza dola 2.895, kisha dola 2.6008 kuanzia Januari 1986 mpaka leo.

Hesabu ya rupia kwa riali inakuwa nyepesi kwa sababu hiyo: chukua bei ya dola kwa rupia siku ile, zidisha kwa 2.6008. Dola ikiwa rupia 83, riali ni rupia 215.87. Kabla ya Julai 1991 dola ilikuwa kama rupia 21, na riali kama 55. Mwezi haujaisha dola ikawa karibu 26 na riali karibu 67. Kibarua wa Kerala, India, aliyekuwa Maskati alituma riali zilezile, mke wake akapokea rupia nyingi zaidi, ingawa riali haikusogea.

Hatua ya 6: Andika jibu kamili

Kando ya jibu andika tarehe, aina ya rupia na kiwango ulichotumia, kwa mfano: "Rupia 400, India, Machi 1955, 13.33 kwa pauni = pauni 30." Kama familia inataka kujua fedha ile ingenunua nini, hiyo ni hesabu nyingine: tafuta bei ya mchele au mshahara wa mwezi wa mwaka uleule, mahali palepale.