Rozari na Mafungu ya Sukuma

Amri za Kanisa Katoliki ni tano: Misa kila Dominika na sikukuu zilizoamriwa, kuungama walau mara moja kwa mwaka, kupokea Komunyo walau wakati wa Pasaka, kufunga siku zilizowekwa, na kulitegemeza Kanisa. Hapo ndipo pa chini kabisa, na mimi niliishi hapo miaka mingi, hapahapa Umoja, Nairobi.

Kisha Kwaresima moja nikabeba yote: Misa ya alfajiri, Rozari nzima, Njia ya Msalaba, na novena, sala ya siku tisa mfululizo, juu yake. Wiki ya tatu nilikuwa nasinzia sokoni Marikiti nikichagua nyanya, nikaacha vyote kwa mkupuo. Ndiyo maana nakusihi uchukue ibada moja tu, uifunge kwenye kazi unayoifanya kila siku.

Yangu, Rozari, niliifunga kwenye kukata sukuma wiki. Saa kumi jioni, kabla wateja hawajajaa kibandani, naweka mafungu kumi kushoto kwangu. Mikono ina maji, shanga hazishikiki, kwa hiyo nahesabu kwa mboga. Naviringisha majani, nakata, na fungu likiingia kwenye beseni la kulia, Salamu Maria imekwisha. Baba Yetu naisema nikisuuza kisu. Mteja akija namhudumia kwanza, narudi palepale nilipoachia. Mama Maria naye alikuwa na jiko la kuangalia.

Anza na fumbo moja, yaani Baba Yetu moja na Salamu Maria kumi ukitafakari tukio moja la maisha ya Yesu na Maria, mwezi mzima. Jumatatu na Jumamosi ni mafumbo ya furaha, Jumanne na Ijumaa ya uchungu, Jumatano na Dominika ya utukufu, Alhamisi ya mwanga, yale aliyoyaongeza Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 2002.

Likizoeleka, ongeza Ijumaa ya kwanza ya mwezi kwa heshima ya Moyo Mtakatifu wa Yesu: Komunyo miezi tisa mfululizo. Ibada hii ilienea kupitia Mtakatifu Margareta Maria Alacoque, mtawa wa Ufaransa wa karne ya 17. Itakusukuma kuungama mara kwa mara, na hilo ni jema. Foleni ya Juma Kuu ni ndefu na padri amechoka. Nenda Jumamosi ya kawaida, mtazungumza kwa utulivu.

Siku una shughuli mjini, ingia Basilika ya Familia Takatifu. Weka kiroba chako miguuni, keti mbele ya tabernakulo, kisanduku inamohifadhiwa Ekaristi, dakika kumi, na usiombe chochote. Mimi hapo ndipo huwa nalia, na sijui jambo lingine linalonipumzisha hivyo.

Usiikwepe jumuiya yako, majirani Wakatoliki mnaosali pamoja nyumbani kwa zamu. Kuna mzee wa jumuiya yetu asiyeweza kupanda ngazi tena. Tukienda kusali kwake, fungu moja la sukuma huenda nami.

Ukikosa siku, usijaribu kulipa deni kesho yake kwa Rozari mbili. Sali fumbo la siku hiyo, uendelee.