Jinsi ya Kueleza Asili za Wakazi wa Mji Mdogo: Mfano wa Lamu

Karibu kila ripoti inayoandikwa kuhusu mji wa Lamu, iwe ni ya mradi wa maji, ya shule au ya ukarabati wa nyumba za mawe, huwa na aya moja inayosema wakazi wake ni watu wa makabila gani. Mara nyingi aya hiyo hunakiliwa kutoka ripoti iliyotangulia, nayo ilinakiliwa kutoka nyingine. Maelezo haya ni ya yule anayetaka kuiandika upya kwa kazi yake mwenyewe: mwanafunzi, karani wa kaunti, au mwanakamati wa mtaa aliyeombwa na wafadhili aeleze wakazi ni nani.

Amua kwanza Lamu yako ni ipi, kwa maana jina hilo ni la mji, la kisiwa na la kaunti nzima. Sensa iliyofanywa usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti, idadi ndogo kuliko ya kaunti nyingine yoyote nchini. Kati yao, 22,258 tu walikuwa Lamu Mashariki, yaani Faza, Kizingitini, Kiunga na vijiji vya jirani. Waliobaki, 121,662, walihesabiwa Lamu Magharibi. Huko magharibi ndiko uliko mji wa kale wenyewe, lakini ndiko pia ziliko Hindi, Witu na Mpeketoni, ambako mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta ulioanza miaka ya 1970 uliwapa mashamba jamaa nyingi za Kikuyu na za makabila mengine ya bara. Kwa hiyo anayechukua hesabu ya kaunti na kuivika mji atamwonyesha msomaji mtaa wa Mkomani, wa mji wa kale, usiokuwapo. Chora mpaka wako kwenye karatasi, taja mitaa iliyo ndani yake, kisha usitoke nje ya mpaka huo hata pale takwimu za nje zinapokuwa rahisi kupatikana.

Jambo la pili ni kujua sensa inakupa nini na inakunyima nini. Kwa ngazi ya kaunti na ya kaunti ndogo utapata idadi ya watu, jinsia, umri, kaya na mengineyo. Kabila, hata hivyo, lilichapishwa mwaka 2019 kwa nchi nzima tu: utasoma kwamba Wamijikenda wa Kenya walikuwa 2,488,691, lakini hutapata ni wangapi kati yao wanaoishi Lamu. Majedwali ya kabila ya sensa ya 1999 hayakutolewa kabisa. Licha ya hayo, takwimu za kaunti zina dalili zake kwa anayezisoma taratibu. Kaunti ilikuwa na watu 101,539 mwaka 2009, nao wakazidi kwa zaidi ya 42,000 katika miaka kumi. Tena mwaka 2019 wanaume walikuwa 76,103 na wanawake 67,813. Pengo kama hilo kwa kawaida huashiria wanaume waliokuja kutafuta kazi bila jamaa zao. Liandike kama dalili, usiliandike kama hesabu ya kabila lolote.

Majina ya makundi nayo yana historia, na anayeyatumia bila kuijua atakosea. Serikali ya kikoloni iliwagawa watu kuwa Wazungu, Wahindi, Waarabu na wenyeji, na daraja la Uarabu lilikuwa na faida zake katika kodi na uwakilishi. Haikuwa ajabu, basi, kwamba ndugu wawili wa nyumba moja waliweza kuandikishwa tofauti, mmoja Mwarabu na mwingine Mswahili. Orodha hizo zinabadilika hata leo: Wamakonde na Wakenya wenye asili ya Asia walitambuliwa rasmi kuwa jamii za Kenya mwaka 2017, na Wapemba mwaka 2023. Kundi linaloonekana kukua ghafla kati ya sensa mbili huenda halikuzaa zaidi ya wenzake. Huenda limepata tu nafasi ya kuandikwa kwa jina lake.

Sasa nenda kwa watu. Mara ya kwanza nilipofanya kazi hii nilikwenda mtaa wa Langoni mjini Lamu na fomu yenye nafasi moja tu, iliyoandikwa "Kabila". Mzee mmoja aliyekuwa ameketi dakani alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia kahawa, kisha akaniuliza: "Wataka lipi, mwanangu? Mimi ni Mwamu, mtu wa Lamu. Babu yangu mzaa baba alishuka hapa kwa jahazi kutoka Shihr, Uarabuni. Mama yangu ni Mbajuni wa Faza. Na nilipokwenda kuchukua kitambulisho niliandikwa Mwarabu, maana karani aliniambia Mwamu si kabila." Nafasi ya fomu ilikuwa na upana wa kidole. Niliandika "Mswahili", neno ambalo yeye hakulitaja hata mara moja, na nikalihesabu hivyo katika jedwali langu. Kosa lilikuwa la fomu, na fomu ilikuwa yangu.

Tangu siku hiyo swali moja nimelivunja kuwa manne, nawe ufanye hivyo. Uliza kwanza mtu anajiitaje, na uandike neno lake kama alivyolitamka, liwe ni Mwamu, Mpate, Msiu, Mbajuni, Sharifu au Mgiriama wa Lamu. Uliza kisha huandikishwa nani katika karatasi za serikali. Uliza wazazi wake wote wawili walizaliwa wapi, kwa sababu anayeuliza asili ya baba peke yake hufuta nusu ya mji. Mwisho uliza lugha inayosemwa nyumbani, na usiridhike na jibu la "Kiswahili" bila kuuliza ni Kiamu, Kitikuu au Kiswahili cha shuleni. Majibu manne yapewe majedwali manne. Ukiyachanganya katika jedwali moja, utakuwa umemfanya Habib Swaleh, mwasisi wa msikiti wa Riyadha, achague safu moja: alikuwa sharifu wa nasaba ya Hadhramaut, mzaliwa wa Ngazija, aliyelelewa katika mila za huko na kufanya Lamu kuwa kwao mpaka kufa.

Kuna swali moja usiloliuliza kabisa, nalo ni kama mababu wa mtu walikuwa waungwana au watumwa. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini neno hilo bado linaweza kuvunja posa. Ikiwa kazi yako inahitaji historia hiyo, iandike kama historia ya mji, wala usiifanye sifa ya kaya fulani.

Chagua wakati kwa uangalifu. Katika siku za Maulidi, mwishoni mwa Mfungo Sita, mji hujaa wageni wanaolala hata mabarazani, na ukihesabu wakati huo utapata mji wa juma moja. Vivyo hivyo, wavuvi waliokwenda dago, yaani kambi za uvuvi mbali na kwao, hukosekana majumbani mwao kwa majuma kadhaa, na kaya nyingi za Kibajuni zitaonekana ndogo kuliko zilivyo. Amua tangu mwanzo kama unahesabu waliolala mjini usiku fulani au wanaoishi mjini kwa kawaida, kisha uutamke uamuzi huo wazi katika sentensi ya kwanza ya matokeo. Wenye nyumba katika kijiji cha Shela, kisiwani Lamu, wanaokuja kwa mwezi mmoja katika mwaka watakusumbua hapa. Mimi huwaweka katika mstari wao peke yao.

Kuhusu ruhusa, pita kwa chifu na kwa wazee wa mtaa kabla ya kubisha mlango wa kwanza. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu asili ya kikabila kuwa taarifa nyeti. Mwombe mtu ridhaa kabla ya kumwuliza, na majina yawekwe mbali na majibu. Ikiwa mtaa una nyumba moja tu ya Mabohora, Waislamu wenye asili ya Kihindi, kuandika "Mabohora: watu watano" ni sawa na kuandika anwani yao; kwa hiyo waunganishe na makundi mengine madogo.

Wakati wa kuandika, jina la kundi liwe lile linalotumiwa na wenyewe. Wanaoitwa Waboni katika karatasi nyingi, wenye vijiji vya Basuba, Mangai na Milimani, hujiita Aweer. Taja jina lao kwanza, kisha lile la mazoea mara moja ili msomaji asipotee. Vitabu vya kale vikisema Wagunya, wewe andika Wabajuni. Asilimia uzitoe pale tu ulipozungumza na kaya za kutosha; kwa kaya arobaini tu, sema "kaya kumi na tisa kati ya arobaini", kwa kuwa "asilimia 47.5" hudai usahihi usiokuwa nao.

Kabla ya kuikabidhi, peleka rasimu pale ulipoanzia na uisome kwa sauti. Yule mzee wa Langoni aliisikiliza yangu ya pili akiwa amefumba macho, akanisimamisha mahali pamoja tu, pale nilipowaita "wageni" majirani zake waliohamia kutoka bara. "Yule wa nyumba ya pili," akasema, "watoto wake wamezaliwa hapa, na wajukuu. Andika walikotoka, na mwaka waliokuja." Neno "wageni" nikalikata, nikaenda nyumba ya pili kuuliza mwaka.