Ukitaka nyumba ya kisasa yenye sura ya ngome, anza na maji ya mvua

Kinachowavutia wengi kwenye ngome za kale za Ulaya ni ule ukingo wa paa wenye meno. Ni mzuri, lakini ndio unaoleta balaa. Castle Drogo, nyumba yenye sura ya ngome kule Devon, Uingereza, ilijengwa kati ya 1911 na 1930 kwa mchoro wa Edwin Lutyens, mmoja wa wasanifu majengo waliosifika sana enzi zake. Ni granaiti tupu, paa bapa, na ilivuja tangu mwanzo.

Kwa hiyo, kabla ya kuchora meno, mwambie fundi akuonyeshe maji yatapita wapi. Paa la zege lipewe mteremko wa sentimita 2 na nusu kwa kila mita. Tabaka la kuzuia maji lisiishie sakafuni mwa paa; lipande ukutani angalau sentimita 15. Toboa matundu ya dharura ukingoni, ili bomba likizibwa na majani, maji yamwagike nje, yasigeuke bwawa juu ya kichwa chako. Kila jino livishwe kofia inayotokeza nje kidogo, yenye mfereji mwembamba chini yake wa kudondoshea matone mbali na ukuta.

Madirisha membamba ya wapiga mishale yanapendeza kwenye ngazi. Tanua kingo zake kwa ndani, kama walivyofanya wajenzi wa ngome za kale. Mwanga utasambaa vizuri. Chumbani usiyaweke peke yake: moto ukitokea, hakuna atakayepenya hapo. Handaki la maji kuzunguka nyumba? Achana nalo, utafuga mbu tu.