Kabla ya kuhamisha mashine pepe yenye virtiofsd

QEMU, programu inayoendesha mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya seva), hubeba yenyewe kumbukumbu ya mashine hiyo inapohamia seva nyingine. Lakini kifaa kikiendeshwa na programu ya pembeni kama virtiofsd, inayoionyesha mashine pepe saraka ya seva, hali yake haimo ndani ya QEMU: faili zipi ziko wazi, inodi (kitambulisho cha ndani cha faili) ipi ni ya faili gani, hayo inayajua virtiofsd peke yake. Tangu QEMU 8.2, programu hiyo hupewa bomba, ikamwaga hali yake humo, na QEMU huipitisha kama furushi lililofungwa, bila kuchungulia.

Kinachokwaza ni kwamba furushi hilo halina faili zenyewe. Kwa kawaida lina njia za faili tu, kwa hiyo saraka ileile lazima ionekane kwenye seva zote mbili, na mtu asibadilishe majina ya faili katikati ya safari. Mimi huacha `--migration-on-error`, chaguo la virtiofsd la kuamua kifanyike nini kosa likitokea, ibaki `abort`. Ukiweka `guest-error`, uhamisho utakamilika bila kelele, halafu programu za ndani ya mashine pepe zianze kupata makosa kwenye faili ambazo hazikupatikana upande wa pili. Kwa `abort`, uhamisho unakatika na mashine inaendelea kule ilikokuwa.